Hapana Kumi na Saba

Kabla hakujapambazuka, Chiriku alisikia mkasi. Kacha, kacha, kacha. Mama yake alikuwa ameketi sakafuni katika chumba cha mbele, akikata mabaki ya vitambaa ili ashone vizulia vya kufutia miguu mlangoni. Chiriku alijikunja ndani ya shuka akitabasamu. Sauti ile ilimaanisha kwamba mama yupo nyumbani.

Mwaka uliopita mama alifanya kazi katika mji wa mbali, akawa anarudi mara moja tu kwa mwezi. Chiriku na bibi yake walibaki wawili, na nyumba ilikuwa kimya mno. Sasa mama alikuwa anajaribu biashara ya vizulia. Vikipata wanunuzi, atabaki. Visipopata, mwisho wa mwezi atarudi kule kule. Zilikuwa zimesalia Jumamosi tatu.

"Nitaviuza mimi," Chiriku alisema. Alikuwa na miaka kumi na miwili na mdomo usiojua kupumzika, ndiyo maana bibi alimpa jina la ndege yule mwenye kelele. Mama alimkubalia kwa masharti: mtaa wao tu, asubuhi tu, na asivuke kizingiti cha mtu.

Basi Jumamosi ya kwanza alitoka na vizulia sita begani, amevikunja na kuvifunga kamba visichafuke. Njiani maneno yalimjaa tele. Lakini mlango wa kwanza ulipofunguliwa, yote yalimkimbia. Alitazama vidole vya miguu yake, akasema kwa sauti ndogo, "Hamtaki vizulia, sivyo?"

"Ndiyo, hatutaki," mwenye nyumba akajibu kwa upole, akafunga.

Aliuliza hivyo hivyo hadi mlango wa tisa, akajibiwa hivyo hivyo mara zote tisa. Kwenye mlango huo wa tisa, mwenye duka alimpa kikombe cha maji na kigoda apumzike kivulini, ila kizulia hakuchukua. Na kwenye kona alikuwapo mwanafunzi mwenzake, yule wanayemwita Kapteni. Alimuuliza kama anauza au anavitembeza tu vipate hewa.

Chiriku alirudi nyumbani akabwaga mzigo, akatangaza kwamba hatoki tena. Bibi alimsogezea sahani ya chakula kwanza. Alipomaliza kula, akamuuliza, "Wamekataa kwa nini?"

Chiriku hakujua.

"Basi kazi hujaimaliza. Umeniletea hapana tupu. Wiki ijayo kila hapana uniletee pamoja na sababu yake."

Jumamosi ya pili alivifungua vizulia, akaviacha vining'inie mkononi watu waone rangi zake. Alisalimia, akasema vimeshonwa na mama yake, na alipokataliwa aliuliza sababu kwa adabu. Mmoja alikuwa nacho tayari. Mwingine aliona ni kizuri mno kukanyagwa. Mlango wa nane ulikuwa wa buluu, na ndani yake sakafu ya vigae iling'aa kama kioo. Mwalimu mstaafu alitokea akiegemea mkongojo.

"Mjukuu wangu, kitu kama hicho ndicho kilichonivunja nyonga," alisema. "Nilikikanyaga, kikakimbia, mimi nikabaki hewani. Ondoka nacho."

Hapana ya kumi na saba. Lakini safari hii Chiriku alikimbia nyumbani akihema, kana kwamba ameokota kitu. Mama alimwaga maji kidogo sakafuni, akaweka kizulia, akakisukuma kwa mguu. Kikateleza hadi ukutani.

"Amesema kweli," mama akasema taratibu.

Walianza kutafuta njia ya kukizuia kisiteleze siku ile ile. Kapteni alisikia habari hizo, akaja na mpira wa ndani wa gurudumu bovu la baiskeli yake, akauacha mlangoni bila utani wowote. Walikata vipande vyembamba, wakavibandika chini ya kizulia kwa gundi. Asubuhi vyote vilikuwa vimebanduka. Wakavishona kwa cherehani, sindano ikavunjika. Wakaweka nyingine, nayo ikavunjika. Alhamisi jioni mama aliisogeza kando cherehani. Alivuta begi la safari kutoka uvunguni, akaanza kulipangusa vumbi.

Chiriku hakungoja kuona zaidi. Alichukua kizulia akakimbia kwa fundi viatu wa jirani, akamweleza yote kwa pumzi moja. Fundi aliacha chai yake ipoe. Alimwonyesha jinsi ya kutoboa mpira kwanza kwa msumari, ndipo apitishe sindano nene na uzi uliopakwa nta. Kisha akamwazima sindano mbili.

"Moja yako, moja ya mama," alisema.

Ijumaa alipotoka shule tu walianza kushona, mama upande huu, Chiriku upande ule, mpaka vidole vikawauma. Begi lilikuwa bado wazi kitandani, nguo za mama zikiwa ndani.

Jumamosi ya tatu alianzia mlango wa buluu. Alibisha mara mbili.

"Shikamoo, Mwalimu. Nimekuja kukuonyesha hapana yako imefanya kazi gani."

Mwalimu alikunja uso, lakini hakufunga. Chiriku aliomba ruhusa, akalowesha kigae cha mlangoni, akaweka kizulia. Akarudi nyuma hatua tano, akakimbia, akarukia juu yake kwa miguu miwili. Kizulia hakikusogea hata unywele. Mwalimu alikisukuma kwa mkongojo. Akaweka mguu mmoja. Akaweka wa pili, akasimama pale kwa muda, na uso wake ukakunjuka.

"Nipe viwili," alisema. "Cha pili ni cha mlango wa nyuma."

Halafu akamwita jirani kwa sauti ile ile ya darasani. Kabla ya saa sita, vizulia vyote sita vilikuwa vimekwenda, na watu wanne walikuwa wameagiza vingine. Chiriku alirudi nyumbani mbio, akisimulia tangu nje ya mlango, na bibi alicheka mpaka akafuta machozi. Mama alilitazama begi lile kitandani. Akaondoa nguo zake, akajaza vitambaa.

Jumamosi iliyofuata Chiriku alibeba vizulia ndani ya begi hilo hilo. Mwalimu alikuwa barazani, akamwita.

"Bibi yako amenisimulia yote. Watu kumi na saba walikukataa," alisema. "Ungekata tamaa kwa mmoja wao, mama yako angekuwa safarini leo. Na ungerudi kwangu na kizulia kile kile, ningekufukuza tena. Wewe ulirudi na kilichorekebishwa. Ukishindwa, mwanangu, uliza kwa nini, tengeneza, kisha rudi."

Chiriku aliitikia, akainua begi lake.

"Jumamosi ijayo upite tena," Mwalimu akaongeza, akitazama pembeni. "Hata kama huna cha kuuza."