Moraa na Somo la Uislamu

Haya nilielezwa na Nyanchoka mwenyewe mwezi jana, tukichambua maharagwe kwangu. Nyanchoka anauza ndizi sokoni Oyugis. Yeye ni Msabato. Jumamosi hauzi hata ndizi moja.

Jioni moja binti yake, Moraa, alikuwa anaosha vyombo huku akikariri, "Shahada, sala, zaka, saumu, hija."

"Unasema nini wewe?"

"Nguzo tano za Uislamu, mama. Mwalimu Awino atatuuliza kesho."

Nyanchoka alishtuka. Kanisani kwao, mtu anayetaka ubatizo huingia darasa kwanza, akakariri mafundisho, ndipo aingie majini. Akaona mtoto wake yuko kwenye darasa kama hilo, ila la msikiti.

"Kesho huendi shule. Utakaa na mimi sokoni mpaka nikutafutie shule nyingine."

Moraa alilia. Mtihani wa mwisho ulikuwa muhula uliofuata.

Kesho yake mchana, Mwalimu Awino alifika kibandani.

"Mama Moraa, mtoto anaumwa?"

"Haumwi. Nimemtoa. Hamtanisilimishia mtoto."

Awino hakukasirika. Alimwonyesha jirani yao, mama muuza samaki. "Huyu anauza nini?"

"Mumi, wale kambare."

"Unamjua mumi?"

"Sana. Hana magamba, kwa hivyo sisi Wasabato hatumli. Lakini nikimtazama tu najua kama amelala tangu jana."

"Wangu hawajalala," muuza samaki akadakia. "Usiniharibie soko, mama."

Walicheka wote.

"Umemjua, na hujamla," alisema Awino. "Somo letu ni hivyo. Nafundisha Waislamu wanaamini nini na wanaishi vipi. Simwambii mtoto aamini. Mimi ni Mkatoliki, nafundisha hayo, na Jumapili niko Misa. Mtu huwa Mwislamu akiamini moyoni na kuitamka shahada kwa hiari yake. Kujibu swali darasani si kusilimu. Kwenu, mtu akijua mafundisho yote na hajakubali, mnambatiza?"

"Hapana. Pasta lazima amwulize kama amekubali."

"Basi. Na ukiwa bado na wasiwasi, njoo uketi nyuma ya darasa usikilize."

Nyanchoka akamgeukia Moraa, aliyekuwa akipanga ndizi nyuma ya kibanda. "Hebu nieleze hizo nguzo."

"Shahada ni kukiri kwamba hakuna mungu ila Mwenyezi Mungu, na Muhammad ni mtume wake. Sala ni mara tano kwa siku. Zaka ni kuwapa maskini sehemu ya mali. Hija ni kwenda Makka, kwa mwenye uwezo. Saumu ni kufunga mwezi wa Ramadhani. Hawali wala hawanywi tangu alfajiri mpaka jua lizame."

"Hata chai?"

"Hata maji."

Nyanchoka alishika kichwa. "Kumbe. Halima fundi wa nguo amekataa chai yangu wiki nzima. Nikadhani ananidharau, nikaacha hata kumsalimia."

Jua lilipozama, alimpelekea Halima ndizi mbivu, akamwomba msamaha.

"Nilikuwa najiuliza nimekukosea nini," alisema Halima. Alimvutia kiti, wakala pamoja.

Usiku huo Nyanchoka na Moraa waliimba wimbo wao wa jioni, wakaomba kama kawaida. Moraa akalala. Nyanchoka alipiga pasi sare ya shule, akaitundika karibu na mlango, akazima taa, naye akalala.