Sauti ya Nyuma ya Pazia

Siku hiyo ilianza kama siku zote za kundi la maigizo likiwa safarini. Basi lilichelewa, mpiga kinanda alilala mdomo wazi, na Chiriku akagombania kiti cha dirishani mpaka akapewa ili watu wapumzike.

Chiriku ni jina alilobandikwa na wenzake, kwa sababu aliimba vizuri na kwa sababu hakujua kunyamaza. Alikuwa mtu mzima sasa, wa wale wanaofunga zipu ya gauni kwa kuvuta pumzi na kumwomba Mungu. Lakini katika mchezo wao wa nyimbo, waliouzungusha mji hadi mji, yeye ndiye aliyecheza mama mjane anayemwita binti yake arudi nyumbani, na wimbo huo ndio uliojaza kumbi. Katika mji wa mwisho wa ziara angekuja kuwatazama mkurugenzi wa jumba kubwa la maonyesho. Jumba hilo lilikuwa karibu na nyumbani kwa Chiriku, na mkurugenzi alikuwa anatafuta mwimbaji mmoja wa kudumu. Kupata kazi ile maana yake ilikuwa kuagana na mabasi na kuishi na binti yake mwenyewe, aliyekuwa analelewa na bibi na kuanza kumwita mama yake "yule wa kwenye simu".

Ndipo sauti ikamkauka.

"Usihofu, dada," alisema Akiba. Huyu alikuwa mwigizaji wa akiba, binti aliyejua kila mstari wa Chiriku. "Leo wewe chezesha midomo tu. Mimi nitakuimbia nyuma ya pazia."

"Umeombea siku hii tangu tuanze safari," Chiriku alisema, sauti kama bawaba yenye kutu.

"Nimeombea mafua tu, dada'ngu. Hili la koo Mungu ameongeza mwenyewe."

Wakacheka. Wote wawili walijua sheria ya kundi. Anayekuimbia nyuma ya pazia, ukipona unampa zamu: onyesho moja anasimama yeye mbele, wewe unakwenda nyuma kumwimbia. Hata awe na sauti ya malaika, wewe ndiye unayemwimbia; hiyo ndiyo heshima yake. Na zamu ile mdai alijichagulia siku. Chiriku alijua vizuri Akiba angechagua siku gani.

Alasiri wakacheza katika ukumbi uliowahi kuwa sinema. Kinanda kilipoanza, Chiriku alifungua mdomo, na wimbo ukatoka nyuma ya pazia. Ulitoka mzito, mtamu, usio na mkwaruzo. Wanawake wa safu ya mbele walifuta macho. Chiriku alichezesha midomo akijisemea moyoni, lo, kumbe katoto haka kanajua hivi!

Baada ya makofi alimtafuta amshukuru. Akamkuta Akiba kwenye korido, ameshika tumbo, jasho linamtiririka.

"Nisamehe, dada. Tumbo limenisaliti, nilikuwa chooni mchezo mzima. Lakini nimekusikia kutoka kule. Hongera, umepona!"

Chiriku aligeuka akatazama kule jukwaani.

Baridi ilimpanda mgongoni, lakini nyuma yake ilifuata nafuu, na nafuu ndiyo iliyomponza. Kama Akiba hakuimba, basi Akiba hadai. Hakuna wa kupewa zamu.

"Ndiyo," alinong'ona. "Limefunguka lenyewe."

Mji uliofuata walicheza kwenye ukumbi wa shule. Chiriku alimwambia Akiba akae na wengine pembeni, hahitajiki. Wimbo ukaja tena. Safari hii haukutoka mbali nyuma ya pazia. Ulitoka hatua chache tu mgongoni kwake. Watu walipokwisha kuondoka, alirudi jukwaani akalifunua pazia.

Nyuma yake palikuwa na ukuta. Pazia, lile kundi lililosafiri nalo, lilikuwa limepigiliwa hapohapo ukutani. Hata kiganja kisingepenya.

Siku zikaenda. Kadiri sauti ile ilivyonenepa jukwaani, ya kwake ilizidi kukonda. Ikabaki mnong'ono, kisha pumzi tu; wenzake wakadhani anaitunza kwa ajili ya jukwaa. Akaenda kwa daktari. Daktari alimulika kooni akatikisa kichwa.

"Koo lako safi kabisa, mama. Hapa hakuna ugonjwa."

Bintiye alipopiga simu, Chiriku aliisikiliza sauti ndogo ikiita "Mama? Mama?" mpaka ikachoka.

Mama wa mavazi, aliyekuwa amewavisha waigizaji tangu nywele zake hazijawa nyeupe, ndiye pekee aliyeona. Alikuwa anamfunga gauni mgongoni alipomwinamia sikioni.

"Mwanangu. Nani anakuimbia?"

Chiriku akatikisa kichwa. Hakuna.

"Kuna mtu. Shingo yako ina unyevu wa pumzi, na si yangu. Mwachie Akiba nafasi, mwambie mwongozaji unaumwa. Usiendelee kuchukua kwa mtu usiyemjua."

Chiriku akatikisa kichwa tena, kwa nguvu zaidi. Lilikuwa limebaki onyesho moja tu.

Mji wa mwisho. Saa tisa alasiri, jua kali nje, ukumbi umejaa hadi ngazini. Mkurugenzi alikuwa safu ya pili, miwani mikononi. Chiriku alisimama kwenye alama yake. Kinanda kikaanza.

Akafungua mdomo.

Kimya.

Mpiga kinanda aliangalia juu, akarudia mwanzo wa wimbo. Kimya. Mtu alikohoa. Kule pembeni Akiba alikuwa ameshaingiza mkono mmoja kwenye vazi la ziada. Mkurugenzi akavaa miwani, akainama kumwambia jirani yake neno.

Kinanda kikarudia mara nyingine.

Hapo ndipo kitu kilipomgusa sikioni. Midomo. Baridi.

"Zamu yangu."

Chiriku alimwona binti yake kichwani. Aliona mlango wa nyumbani. Hakuuliza zamu ya nani, wala ya muda gani.

Akaitikia kwa kichwa.

Wimbo ukalipuka, na mara hii ulitoka kifuani mwake mwenyewe. Aliusikia ukipita kooni, mtamu, mzito. Akafurahi. Kisha akaona ukumbi unafifia, kana kwamba mtu amemfunika uso kwa kitambaa. Taa zikawa vitone vidogo kati ya nyuzi. Akaona mgongo. Akaona gauni lake, na zipu ile ya kuvutia pumzi, likiwa limemkaa mtu vizuri ajabu. Mgongo ule ukainama. Watu wakasimama kupiga makofi.

Alipiga kelele. Mdomo ulijaa kitambaa.

Jioni hiyo Chiriku aliitwa na mkurugenzi, akarudi na kazi. Ndani ya basi aliongea njia nzima, akacheka, akampigia bintiye na kumwimbia hadi mtoto akalala. Akiba alimpongeza kwa moyo safi. "Dada, umerudi kama zamani," alisema, ingawa alishangaa kwamba Chiriku alimwachia kiti cha dirishani bila hata kuombwa.

Mama wa mavazi ndiye aliyefua pazia la kundi. Upande wa nyuma, ule usioonekana na watu, alikuta doa bichi la midomo iliyo wazi, usawa wa kimo cha mtu. Akalifua likatoka. Ziara iliyofuata, alasiri moja baada ya onyesho, akalikuta tena palepale. Akafua, likarudi.

Mara ya mwisho hakukuta doa. Alikuta tundu lililotafunwa, kingo zake mbichi kwa mate, na kitambaa kilichopungua hakikuonekana popote sakafuni.