Mwanamke Aliyefunua Kurasa

Jua lilikuwa linazama mama mmoja alipofikisha shati jeupe la mpiga piano kwenye mlango wa nyuma wa ukumbi. Alikuwa amelipiga pasi mwenyewe, maana dobi aliyemwajiri alimwonya kwamba mteja huyo hana mzaha na kola. Mtoto wake alikuwa mgongoni, amelala fofofo.

Bawabu, mzee mwenye kikohozi, akalipokea shati.

"Umewahi kusikia piano ikipigwa mbele yako, mwanangu?"

"Redioni tu, mzee wangu."

"Redio ni kunusa chakula cha jirani. Ingia, ukae nyuma. Mtoto akilia, utoke. Na muziki ukinyamaza, usipige makofi. Anakuwa hajamaliza. Ngoja mpaka aifunike piano."

"Nikipiga je?"

Bawabu akakohoa. "Usipige tu."

Taa zikafifia. Mpiga piano akatokea, mzee mwembamba, shati likimng'aa. Nyuma yake akaja mwanamke mwenye gauni la kijivu, akaketi kando ya piano. Kazi yake ilikuwa kumfunulia kurasa. Alilamba ncha ya kidole, akafunua, akarudisha mkono mapajani. Kisha akasubiri.

Kutoka kule nyuma mama mtoto hakuziona karatasi zenyewe, akadhani ndiyo desturi yao. Ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba jicho.

Muziki ulianza chinichini, kama mtu anayetembea pekupeku asiwaamshe waliolala. Ukapanda. Ukajaa ukumbi. Hakujua kwamba mbao na nyaya zinaweza kulia namna ile. Alimkumbuka marehemu mama yake akiimba huku anafua, na machozi yakamlenga.

Ghafla muziki ukanyamaza.

Kimya...

Mikono ikaitangulia akili. Akapiga makofi.

Peke yake.

Vichwa vikageuka. "Bado, dada," jirani akamnong'oneza. Aibu ikamchoma masikio. Kule jukwaani mpiga piano hakugeuka, ila mabega yake yalikuwa yanatetemeka.

Mwanamke wa kijivu akasimama. Akainamisha kichwa, kama mfanyakazi aliyepewa ruhusa ya kwenda nyumbani. Akashuka jukwaani.

Hakuna aliyemtazama. Akapita katikati ya viti, gauni likiburura sakafuni... shwaa... shwaa... Ikatangulia harufu ya maua yaliyoozea kwenye maji. Mama mtoto alitaka kukimbia, akachelewa. Yule mwanamke akampita, akasimama nyuma yake. Baridi ikamgusa kisogoni.

Mtoto akaamka.

Akacheka.

Hapo mpiga piano akaziangukia funguo za piano kwa vidole vyote. Aliukimbiza muziki mbiombio mpaka mwisho, akakibamiza kifuniko. Baridi ikakatika. Watu wakainuka kushangilia.

Mlangoni alimkuta bawabu.

"Mzee wangu, yule anayemfunulia kurasa ni nani?"

Bawabu akaacha kukohoa. "Hafunuliwi. Hajaweka karatasi mbele yake tangu mkewe afariki. Mke ndiye aliyekuwa akimfunulia. Alifia kwenye kiti kile kile, muziki haujaisha." Akamtazama mtoto, akashusha sauti. "Alikuwa mjamzito."

Mama mtoto akakaza kanga kifuani.

"Ulipiga makofi?"

Akatoka mbio.

Alifika nyumbani akihema. Mumewe alikuwa anaosha sufuria.

"Karibu, mama wa piano. Au siku hizi tukusalimie kwa miadi?"

Hakucheka. Alimlaza mtoto kitandani, akamkagua chini ya taa. Vidole vyote vipo. Pumzi ipo. Joto ni lile lile la siku zote. Akashusha pumzi. Labda ni giza la ukumbi. Labda ni uchovu wa pasi.

Mtoto alikuwa macho, ametulia kuliko kawaida yake. Akatia kidole mdomoni, kama watoto wote. Akakitoa. Akakipitisha hewani polepole, toka kulia kwenda kushoto. Akaurudisha mkono pajani.

Akasubiri.

Kisha akafanya tena.

"Hebu mtazame huyu mtundu," mumewe akasema, akicheka. Akajifuta maji, akainua viganja ampigie mtoto makofi.

Mama mtoto akamrukia, akaidaka mikono yake yote miwili, akaing'ang'ania. Chumbani kulinuka maua.

"Usipige," akanong'ona. "Hajamaliza."