Walipojificha Kijiji cha Hadithi

"Usinishike mkono hapa, shemeji!"

Shuhei akauachia mkono wake taratibu. "Mwaka mzima tuko pamoja, Chihaya, na bado unaniita shemeji?"

Chihaya akauficha mkono mfukoni. Walikuwa kwenye chumba cha vioo cha Kijiji cha Hadithi, bustani ya matembezi pale Hanamaki, Japani, vitaa kama nyota vikimeta juu, chini na kila upande. Popote alipogeuza uso alijiona yeye na Shuhei, mamia kwa mamia, wamesimama kama wezi waliofumwa. Humu humu ndimo Shuhei alimomchumbia Mitsuki, dada yake Chihaya. Mitsuki sasa ana miaka minne kaburini.

"Wewe ndiye uliyetaka tuje," Shuhei akanong'ona. "Ulisema ukiweza kusimama hapa, utaweza kumwambia mama."

"Nimeshindwa. Nirudishe nyumbani."

Walikuwa ndiyo kwanza wametoka nje simu ya Chihaya ilipoita. Mama.

"Uko wapi, mwanangu?"

"Kazini, mama."

"Kazini? Mbona mimi nimesimama hapa dukani kwenu, na mwenzako ananiambia umechukua likizo?"

Chihaya akafumba macho.

"Uko na nani?"

"Mama..."

"Nimekuuliza, uko na nani?"

"Na Shuhei. Kijiji cha Hadithi."

Simu ikakatwa. Punde ukaingia ujumbe: "Msiondoke hapo."

Mama yake, Bi Fumie, alishuka kwenye teksi na mfuko wa mboga mkononi, figili ikichungulia nje. Shuhei akainama mpaka kichwa kikakaribia magoti.

"Simama wima wewe, nikuone uso! Kila mwezi unakuja kumchomea marehemu mwanangu ubani mbele ya picha yake, unakula kwangu, unaniita mama. Kumbe!"

"Kosa ni langu, mama."

"Sijakuuliza wewe!" Akamgeukia binti yake. "Lini?"

"Mwaka jana, wakati wa..."

"Nauliza moyo wako. Lini?"

Hapo Chihaya akapiga magoti kwenye nyasi, watu wanapita, hakujali.

"Dada akiwa hai, mama. Kule wodini. Mikono inammenyea dada tufaha, macho yangu kwa mumewe. Sikufanya kitu, nakuapia. Sikumwambia mtu, hata yeye mwenyewe. Lakini nilimtamani mume wa dada yangu wakati dada yangu anakufa!"

Shuhei akamtazama mdomo wazi. Hilo hakuwahi kulisikia.

"Najua," mama akasema.

"Unajua?"

"Mitsuki ndiye aliyeniambia. Alikuwa mgonjwa, hakuwa kipofu. Akasema, 'Mama, nikishaondoka, mwambie Chihaya asijichukie. Mimi simlaumu.'"

Chihaya akainua uso uliolowa machozi. "Mbona hukuniambia? Miaka minne, mama! Miaka minne sithubutu hata kuitazama picha yake!"

Bi Fumie akaisukuma figili ndani ya mfuko.

"Sikutaka. Niliona nikikwambia, nitakuwa nimekupa ruhusa. Halafu nilitaka na mtu mwingine aumie kama mimi. Nikakuona unavyokonda, na bado nikafunga mdomo. Kwa hiyo usidhani mwenye dhambi hapa ni wewe peke yako."

Akauweka mfuko chini, akachuchumaa, akamkumbatia mwanawe. Wakalia pale pale, kila mmoja akimwomba mwenzake msamaha, maneno yakigongana.

Shuhei akakohoa kidogo. "Mama, naomba kumuoa Chihaya."

"Hapa nyasini? Hata haya huna! Njoo nyumbani, vaa koti, uombe kama mtu." Akajifuta machozi kwa mgongo wa mkono. "Na nikuambie, Mitsuki angekuwa hai, ningekuvunja miguu. Ila ndiyo hivyo. Hayupo."

"Ndiyo, mama."

Chihaya akamsaidia mama yake kusimama. "Lakini utaumia, mama. Kutuona pamoja kila siku, utaumia."

"Hata sasa naumia. Siku ya harusi nitaumia zaidi, nitalia mbele za watu nikuaibishe," Bi Fumie akasema. "Lakini nitakuja."