Nyuso Saba za Ukutani

Kila asubuhi Lubna alibeba dumu lake hadi kisima cha msikiti, akipita mtaa wa maduka wa Kismayo. Tangu vita vya mwaka 1991 viingie mjini, maduka yalikuwa yamefungwa, na waliobaki mtaani ni watu waliochorwa ukutani tu. Jengo la ghorofa tatu la muuza nguo lilikuwa limechorwa kuanzia chini hadi juu: mabibi harusi, mafundi cherehani, wanawake wenye vitambaa mabegani, wote wakubwa kuliko watu wa kweli. Upepo ulipopita madirishani, jengo lilivuma kama mtu aliyefumba mdomo. Na popote Lubna alipopita, macho yale yalimfuata.

Siku moja alishindwa kuvumilia. Aliokota gamba la chaza, akapanda juu ya pipa, akayakwangua macho ya safu ya chini, uso baada ya uso, hadi chokaa nyeupe ikatokea. Kisha akateka maji, akarudi nyumbani. Hakumwambia mtu.

Kufikia adhuhuri, habari ilikuwa imeenea.

"Nyuso saba hazina macho!" alisema jirani yao Kaltuma. "Si kazi ya mchu hii, ni ya jini!"

"Ni ya watu, tena wenye bunduki," alijibu Omar, mumewe. "Nyumba zetu saba, nyuso saba. Tumewekewa alama. Tuondoke leo hii!"

Mjomba wake Lubna, Zubeiri, fundi wa mashua, aliweka nyundo chini. "Sijamaliza kalafati ya mashua yetu, Omar. Upande mmoja mianya haijazibwa pamba. Tutazama kabla ya kufika kisiwa cha Chovai."

"Afadhali maji kuliko risasi!"

Mizigo ikaanza kufungwa. Kaltuma alimfunga mtoto wake mchanga mgongoni. Lubna alikitazama kichwa kile kidogo, akamwendea mjomba wake.

"Mjomba, macho nimeyakwangua mimi. Yalikuwa yananitisha."

"Unaogopa bahari tu, wewe," alisema Omar.

Lubna akanyoosha mikono. Rangi nyekundu na buluu ilikuwa ingali kwenye kucha zake.

Omar aliketi juu ya mzigo wake, pumzi zikimtoka. "Wee mtoto! Ulikuwa unatuzamisha."

Siku ya tatu, kalafati ilipokwisha, mashua iliingia majini bila kuvuja, ikawafikisha wote Chovai salama. Walipokuwa wakishusha mizigo, Mjomba Zubeiri alimshika Lubna bega.

"Kuogopa si kosa, mwanangu. Hata mimi naogopa. Lakini ukificha ulilolifanya kwa hofu, wenzako watalitafutia maana yao wenyewe, na maana hiyo inaweza kuua. Sema mapema."