Kolamu Iliyoishia Njiani

Kila asubuhi Bibi Visalakshi huchora kolamu, pambo la mistari, mlangoni kwa unga wa mchele. Mistari yake huzunguka vitone, kisha hurudi ilikoanzia. Majirani husimama kuitazama.

Asubuhi ile mistari iliishia njiani. Bibi alikuwa ameketi kizingitini, anahema.

"Mama, mbona hujamaliza?" aliuliza Thenmozhi, mkamwana wake.

"Nimesahau inakoelekea."

Thenmozhi alipigwa na butwaa. Mama huyu asahau kolamu?

Jikoni, mumewe Elango alisema, "Nimeongea na nyumba ya wazee. Gari litakuja kumchukua Mama Jumatatu."

Upawa ulimponyoka Thenmozhi. "Mama yako mzazi? Una wazimu?"

"Juzi aliacha gesi wazi! Ndio uzee huo."

Poongodi, jirani yao, alikuwa ameingia kuomba majani ya mchuzi. Ni muuguzi wa kliniki ya moyo. Maneno yale yalimshtua.

"Kile kimashine cha mapigo ya moyo alichowekwa Mama kifuani, kilipimwa lini?"

Elango alijikuna kichwa. "Siku ya kupimwa iliangukia mwezi wa Aadi. Mwezi ule haufai kuanza jambo. Tukasema upite kwanza."

"Aadi ya mwaka huu?"

"Ya mwaka jana."

"Masikini! Kwani kupimwa moyo ni harusi?"

Kisha akawaeleza. "Kimashine hupangiwa kasi. Kasi inayomfaa huyu haimfai yule. Moyo usipoongeza mwendo mtu anapofanya kazi, damu haitoshi. Anachoka, kichwa kinakuwa kizito, anasahau. Si kila usahaulifu unatokana na hilo. Na kasi ikizidi, nayo hudhuru. Daktari ndiye anayepima na kuamua."

"Atapasuliwa tena?" Thenmozhi aliogopa.

"La. Kasi hubadilishwa kwa kifaa kinachowekwa juu ya ngozi."

Kesho yake walikwenda kliniki. Daktari alimtembeza Bibi ukumbini huku akipima. Mapigo hayakupanda hata kidogo. Elango alishika mdomo; jioni ile akapiga simu kuzuia gari la Jumatatu. Daktari akarekebisha kasi, akawapangia tarehe ya kurudi.

Bibi hakupona siku hiyo hiyo. Lakini pumzi ilirudi, kisha kumbukumbu, kidogo kidogo. Mwezi wa Aadi uliofuata, tarehe ya kupimwa ilipofika, walikwenda bila kubishana.

Asubuhi moja mistari yote ilirudi ilikoanzia. Elango alitoka na viatu vyake mkononi.

"Zunguka, usiikanyage," alisema Bibi bila kuinua kichwa. "Na yule wa gari la Jumatatu, ulimwambia nini?"

Elango alisimama hapo hapo, viatu mkononi. Kumbe mama alisikia yote.