Pingu za Ndama

Kila asubuhi, baada ya uji na sala, Dorcas Fairhurst alifungua duka la baba yake karibu na gati la Liverpool. Alivipaka vyuma mafuta, akavisugua mpaka vikang'aa, kisha akavipanga dirishani: misumari, bawaba, kulabu za vyungu, na mwisho pingu ndogondogo. Baba alikuwa amemwambia kuwa hizo ni za kufungia ndama melini.

Siku moja aliingia Bibi Hester Lund, mjane aliyeandika vijitabu vya kupinga utumwa. Watu wa gatini walimcheka sana.

"Leo umekuja kununua au kuandika, bibi?" Dorcas alimtania.

"Kuuliza, mwanangu. Hizi ndogo ni za nini?"

"Za ndama."

"Ndama gani hao wenye miguu myembamba hivyo?"

"We bibi nawe! Tazama zilivyo imara." Dorcas aliingiza mkono, akabana. Tak!

Kicheko kikamkatika. Pingu ilimkaa barabara, kana kwamba fundi alimpima yeye. Akavuta. Haikutoka.

Baba yake, Amos, alitoka kiwandani nyuma ya duka, jasho likimtiririka.

"Mungu wangu! Nani amekuvisha hiyo?"

"Nimeivaa mwenyewe, baba. Mbona imenienea?"

Amos alipapasa funguo mkandani.

"Ndugu Amos," Bibi Lund alisema taratibu, "niliandika kwamba mji huu unauza pingu za watoto. Wakaniita mwongo hadharani, maana hakuna mfua chuma aliyethubutu kunitolea ushahidi."

"Manahodha ndio wanaonilisha, bibi. Nikisema, nani atanunua kwangu?"

Aliushika mkono wa binti yake. Dorcas akauvuta nyuma.

"Usinifungue kwanza. Niambie ni za nani."

"Dorcas, lete mkono!"

"Mimi ndiye ninayezing'arisha, baba. Niambie."

Amos aliketi juu ya pipa la misumari.

"Za watoto," alisema. "Watoto wanaonunuliwa Afrika. Wengine ni wadogo kuliko wewe."

 Dorcas alizikumbuka pingu zote alizozisugua dirishani pale, huku akiimba zaburi. Machozi yalimtoka, wala hakuyafuta.

Amos alimfungua. Alama nyekundu ilibaki mkononi. Kisha alizikusanya pingu zote akazitupa katika tanuri, isipokuwa moja. Hiyo akampa Bibi Lund.

"Kawaonyeshe. Na uandike kwamba mimi, Amos Fairhurst, ndiye niliyeifua."

Kijitabu kilipotoka, manahodha walilihama duka. Majira yale ya baridi walikula uji tu, asubuhi na jioni, huku Amos akifua bawaba na kulabu za wakulima. Lakini gatini hakuna tena aliyemwita Bibi Lund mwongo.

Jioni moja Dorcas alimaliza kukisoma kijitabu kwa sauti, akakiweka mezani.

"Unajuta, baba?"

"Najuta kuchelewa," Amos alijibu. "Nilimwomba Mungu riziki kila siku, huku nikikudanganya wewe. Uongo ule ulikuwa mwepesi kinywani mwangu kwa sababu mzigo wake aliubeba mtoto wa mwenzangu. Mwanangu, ukiambiwa pingu ni ya ndama, ipime kwanza kwa mkono wako mwenyewe."